Fahamu Namna Hesabu ya Nyasi na Miti Inavyosaidia Kijiji Kupanga Matumizi ya Ardhi

Na Mwandishi Wetu

Mwishoni mwa masika, wananchi wa vijiji vingi vya Mikoa ya Shinyanga, Simiyu na Tabora wamezoea kumwona kijana wa chuo kikuu akiingia katika eneo la malisho lililofungwa, akiwa na kamba ya kupimia, fremu ya mraba na daftari. Huinama, huhesabu majani, hukata nyasi na kuzitia katika mifuko ya karatasi, kisha husogea hatua kadhaa na kurudia kazi ile ile. Wanaomtazama kwa mbali huwa na maswali. Je, anapima ardhi ili ichukuliwe? Je, kuna mwekezaji anayekuja? Na hesabu ya majani inamfaa nini mtu ambaye ng'ombe wake wanahitaji kula leo?

Maswali hayo ni ya haki, na yanastahili majibu yaliyo wazi. Makala haya yanaeleza mwanafunzi wa Shahada ya Uzamili au Uzamivu anayechunguza uhusiano kati ya usimamizi wa ardhi na jamii za mimea anafanya nini hasa, kwa nini kazi yake inamgusa mfugaji na mkulima, na mwananchi ana haki na wajibu gani anapopokea mtafiti katika kijiji chake. Mfano mkuu unatoka katika ardhi ya Wasukuma, ambako utaratibu wa jadi wa ngitili umekuwa darasa kwa wataalamu wa ndani na nje ya nchi.

Jamii ya mimea ni nini?

Mimea haioti ovyo. Mahali penye udongo, mvua na matumizi ya namna moja huwa na mkusanyiko wa spishi zinazoelekea kuonekana pamoja, kwa mfano nyasi fulani, magugu fulani, vichaka na miti fulani. Mkusanyiko huo ndio wataalamu wanaouita jamii ya mimea. Matumizi ya ardhi yanapobadilika, jamii hiyo nayo hubadilika. Baadhi ya spishi hupungua, nyingine huongezeka, na nyingine ngeni huingia.

Kwa sababu hiyo, mimea ni shahidi asiyesahau. Mfugaji mzoefu hulijua jambo hili bila kufundishwa darasani. Akiona nyasi ndefu za kudumu zenye mizizi ya kina, hutambua kwamba eneo limepumzishwa. Akiona nyasi fupi za mwaka mmoja zinazokauka mara mvua inapokatika, hutambua kwamba mifugo imekula kupita kiasi. Mtafiti anatafuta jambo lile lile, ila anaongeza vipimo vinavyoweza kurudiwa na mtu mwingine, mwaka mwingine, na kulinganishwa bila ubishi.

Katika nyanda za malisho za Afrika Mashariki, mfano unaofahamika sana ni nyasi iitwayo kitaalamu Themeda triandra. Ni nyasi ya kudumu inayoliwa vizuri na mifugo na wanyamapori. Inapokatwa mara kwa mara bila kupewa muda wa kuchipua na kutoa mbegu, hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na nyasi zinazostahimili kukanyagwa na kuliwa, au na nyasi za mwaka mmoja za jamii ya Aristida ambazo zikikomaa hazina thamani kubwa kwa ng'ombe. Kwa mpita njia, mahali pote pawili ni pa kijani wakati wa mvua. Tofauti huonekana mwezi wa Septemba, pale ng'ombe wa upande mmoja wanaposimama na wa upande wa pili wanaposhindwa kuinuka.

Historia iliyoandikwa juu ya ardhi ya Shinyanga

Shinyanga hupata mvua ya wastani wa milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na kiangazi chake ni kirefu. Zamani sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa na misitu ya miombo na migunga. Wakati wa utawala wa Waingereza, mji wa Shinyanga ulikuwa makao ya utafiti wa mbung'o, kazi iliyoongozwa na C. F. M. Swynnerton. Katika miaka ya 1920 na iliyofuata, vichaka na miti vilifyekwa na kuchomwa moto katika maeneo makubwa ili kuwaondoa mbung'o wanaoeneza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Lengo lilikuwa la afya, lakini uoto uliondoka pamoja na mdudu.

Baadaye kilimo cha pamba kilipanuka, idadi ya watu na mifugo ikaongezeka, na mahitaji ya kuni na majengo yakakua. Katika miaka ya 1970, wananchi walipohamia katika vijiji vya pamoja, kaya nyingi zilijikuta mbali na maeneo ya malisho zilizokuwa zikiyatunza, na utaratibu wa jadi wa kuyafunga ukalegea. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, sehemu nyingi zilikuwa tupu, wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na samadi ambayo ingerutubisha mashamba ilichomwa jikoni.

Mwaka 1986, Serikali ilianzisha Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway na kwa ushirikiano wa kitaalamu na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto (ICRAF). Hapo awali mkazo uliwekwa katika kuotesha miche na kuigawa. Baada ya muda, wataalamu waligundua kwamba wananchi walikuwa tayari na njia yao wenyewe ya kurejesha uoto, ambayo ilikuwa nafuu na iliyoeleweka kwa wote. Njia hiyo ni ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho na miti linalofungwa mvua zinapoanza, ili nyasi zikue bila kuguswa, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokolea, kwa kawaida kuanzia mwezi wa Julai, ili mifugo ipate chakula wakati ambapo kwingine hakuna kitu. Zipo ngitili za kaya, ambazo mara nyingi ni za hekta chache, na zipo za kijiji au taasisi, ambazo huwa kubwa zaidi. Ulinzi wake umetegemea mkutano wa jadi uitwao dagashida na sungusungu, pamoja na sheria ndogo za vijiji.

Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa zilikuwa takriban hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, makadirio yalionesha kuwa eneo lililorejeshwa lilikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833 vya uliokuwa Mkoa wa Shinyanga. Wakati huo mkoa ulijumuisha pia Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu. Tathmini iliyofanyika wakati huo ilirekodi spishi 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo ndani ya ngitili. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Ilichipua kutoka katika visiki na mbegu zilizokuwa ardhini, ikisubiri kuachwa.

Swali la mtafiti

Takwimu hizo zinaonesha kwamba uoto ulirudi. Hazielezi ni uoto gani uliorudi, wala ni utaratibu upi wa usimamizi uliousaidia zaidi. Hapo ndipo mwanafunzi wa uzamili anapopata swali lake. Je, ngitili ya kaya na ngitili ya kijiji zina mimea ile ile? Je, iliyofungwa kwa miaka mitano inatofautianaje na iliyofungwa kwa miaka ishirini? Je, ile inayofunguliwa mapema, kabla nyasi hazijadondosha mbegu, inapoteza nini?

Ili kujibu, mtafiti hulinganisha maeneo yanayofanana kwa kila jambo isipokuwa usimamizi. Hutafuta, kwa mfano, ngitili na malisho ya wazi yaliyopakana nayo, yenye udongo wa aina moja, mteremko mmoja na mvua ile ile. Tofauti ikionekana pande mbili za mpaka huo, sababu inayoelekea kuwa ya kweli ni matumizi. Akilinganisha ngitili ya udongo mweusi wa mbuga na malisho ya kilimani penye changarawe, atakuwa amepima tofauti ya udongo na kuiita tofauti ya usimamizi. Kosa la namna hiyo huharibu utafiti mzima.

Mwanafunzi makini huanza kazi kwa kuzungumza na wazee na wamiliki kabla ya kupima chochote. Ni wao wanaojua eneo lilifungwa mwaka gani, lilichomwa lini, nani alikata miti, na ng'ombe wangapi waliingia kiangazi kilichopita. Bila historia hiyo, vipimo vya mimea ni majibu yasiyo na swali.

Namna kazi inavyofanyika

Hatua ya kwanza ni kuweka mistari ya kupimia. Mtafiti hunyoosha kamba yenye alama katika eneo, na kila baada ya umbali uliopangwa huweka kitalu cha kupimia. Nafasi ya vitalu hupangwa kabla, kwa bahati nasibu au kwa umbali sawa, ili asivutwe na mahali penye uoto mzuri wala kukwepa penye miiba.

Hatua ya pili ni kupima kwa ukubwa unaolingana na mmea. Kwa miti, kitalu chaweza kuwa cha mita 20 kwa 20, ambapo kila mti hutajwa jina na kupimwa kipenyo cha shina katika usawa wa kifua. Ndani yake huwekwa kitalu kidogo kwa ajili ya vichaka na miche. Kwa nyasi na majani mapana hutumika fremu ya mraba ya mita moja kwa moja au ndogo zaidi, na mtafiti hukadiria kila spishi imefunika asilimia ngapi ya ardhi, na asilimia ngapi imebaki tupu. Ardhi tupu ni kipimo muhimu sana, kwa kuwa ndiyo inayopigwa na matone ya mvua na kuanza kumomonyoka.

Hatua ya tatu ni kukata nyasi za baadhi ya fremu, kuzikausha na kuzipima uzito, ili kujua malisho yaliyopo kwa hekta. Hatua ya nne ni kuchukua udongo wa juu ili kupima rutuba yake. Mmea usiotambulika hukaushwa kwa kubanwa kati ya magazeti, ukaandikwa mahali na tarehe ulipochumwa, kisha ukalinganishwa na sampuli zilizohifadhiwa katika hebaria, yaani maktaba ya mimea mikavu. Nchini kwetu hebaria ya Taifa ipo Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ya kwake. Majina ya Kisukuma wanayoyatoa wazee huandikwa pia, kwa sababu mara nyingi yanabeba maarifa kuhusu matumizi ya mmea ambayo jina la Kilatini halina.

Hatua ya mwisho ni hesabu. Idadi ya spishi peke yake yaweza kudanganya. Chukua vitalu viwili, kila kimoja kina mimea 100 ya spishi 10. Katika cha kwanza kila spishi ina mimea 10. Katika cha pili spishi moja ina mimea 91, na zile tisa zilizobaki zina mmoja mmoja. Idadi ya spishi ni sawa, lakini kwa kipimo cha Shannon, kinachotumiwa sana na wanaikolojia, kitalu cha kwanza hupata takriban 2.30 na cha pili takriban 0.50. Kitalu cha pili kinaelekea kuwa shamba la mmea mmoja. Ikiwa mmea huo ni gugu lisiloliwa, mfugaji amepoteza malisho hata kama eneo linaonekana la kijani.

Moto, mifugo na jembe

Utafiti wa muda mrefu katika ukanda wetu umeonesha kwamba usimamizi hubadilisha mimea kwa njia kuu kadhaa, na kwamba muda wa kutenda una uzito sawa na tendo lenyewe.

Kuhusu moto, mfano maarufu unatoka Ndola, Zambia, ambako majaribio katika misitu ya miombo yalianza miaka ya 1930. Maeneo yaliyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, wakati nyasi ni kavu na moto ni mkali, yaligeuka kuwa nyasi zenye miti michache inayostahimili moto. Yaliyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, yalibaki na miti ya miombo. Yaliyokingwa kabisa dhidi ya moto yalielekea kuwa vichaka vizito vyenye mimea ya kijani kibichi. Ardhi ilikuwa moja, mvua ilikuwa moja, na tarehe ya kuwasha moto ikatosha kuleta tofauti.

Kuhusu mifugo, katika nyanda za Laikipia nchini Kenya, kwenye Kituo cha Utafiti cha Mpala, kuna jaribio lililoanza mwaka 1995 lenye maeneo 18, kila moja la hekta nne, ambayo yamewekewa uzio kwa namna mbalimbali ili kuruhusu au kuzuia ng'ombe, wanyamapori wa kati, na tembo na twiga. Moja ya matokeo yake ni kwamba ng'ombe na wanyamapori wala nyasi hugombea chakula wakati wa kiangazi, lakini wakati wa mvua wanyamapori huweza kumsaidia ng'ombe, kwa kuwa huondoa mabua makavu na kuacha majani laini. Huko huko Laikipia, mahali palipokuwa na maboma ya mifugo zamani hubaki na nyasi zenye rutuba kwa miongo kadhaa baada ya watu kuhama.

Kuhusu kufunga eneo, Kondoa ni funzo letu wenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limeharibiwa na makorongo. Uoto ulirudi kwa kasi iliyowashangaza wengi. Hata hivyo, kaya zilipoteza maziwa, samadi na wanyama wa kazi waliokuwa karibu nao, na hatimaye ufugaji wa ndani uliruhusiwa ili wananchi wapate maziwa bila kuachia mifugo izurure. Ardhi ilipona, na gharama ya uponaji huo ilibebwa na watu. Mpango wowote wa kufunga eneo hauna budi kuhesabu pande zote mbili.

Kufunga pekee hakutoshi

Ni kawaida kudhani kwamba eneo likifungwa kwa muda mrefu zaidi ndivyo litakavyokuwa bora. Elimu ya mimea inaonesha kuwa jambo hilo lina mipaka. Ngitili ikifungwa miaka mingi bila kupunguza vichaka, miti na vichaka husongamana, kivuli huongezeka, na nyasi hupungua. Kwa mama anayetafuta kuni, kwa mganga wa tiba asili na kwa mfuga nyuki, hiyo ni neema. Kwa mwenye ng'ombe ni hasara. Kwa hiyo swali la "ngitili nzuri ni ipi?" haliwezi kujibiwa na mtafiti peke yake. Yeye anaweza kueleza kitakachoota chini ya kila uamuzi. Uamuzi wenyewe ni wa wananchi.

Hapa pana jambo zito linalostahili kusemwa. Tathmini ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiria kwamba faida za ngitili zilikuwa na thamani ya wastani wa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Lakini wastani huficha tofauti. Kaya yenye ardhi kubwa na mifugo mingi hupata zaidi kutoka katika ngitili yake. Kaya isiyo na ngitili hutegemea eneo la kijiji, na eneo hilo likifungwa bila utaratibu wa haki, ni kaya hiyo inayokosa kuni na malisho kwanza. Mtafiti mzuri huandika pia nani anaruhusiwa kuingia, kuchukua nini, na lini, kwa sababu kanuni hizo ni sehemu ya usimamizi wa ardhi kama ilivyo moto na mifugo.

Aidha, matokeo ya msimu mmoja yasichukuliwe kuwa hukumu. Mwaka wa mvua nyingi huficha uharibifu, na mwaka wa ukame hufanya hata eneo lililotunzwa lionekane limekufa. Mwanafunzi wa uzamili mara nyingi ana msimu mmoja au miwili tu ya kupima. Ndiyo maana ni muhimu vitalu vyake viwekewe alama na kumbukumbu za mahali, ili mtafiti atakayefuata, au ofisa mifugo wa kata, aweze kurudi pale pale baada ya miaka mitano na kulinganisha.

Matokeo yanatumikaje kijijini?

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli katika kuidhinisha mgawanyo wa matumizi yake. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiwezesha kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Katika vikao hivyo, takwimu za mimea husaidia kujibu maswali yafuatayo.

Kwanza, tarehe ya kufungua ngitili. Vipimo vikionesha kwamba nyasi za kudumu zinapungua mwaka hadi mwaka, sheria ndogo yaweza kusogeza mbele siku ya kufungua hadi mbegu zidondoke.

Pili, idadi ya mifugo. Uzito wa nyasi kavu kwa hekta huwezesha kukadiria eneo litalisha ng'ombe wangapi kwa siku ngapi, huku sehemu ya nyasi ikiachwa ili kulinda udongo na kuotesha upya.

Tatu, magugu vamizi. Gugu karoti, linalojulikana kitaalamu kama Parthenium hysterophorus, limekwisha kuingia nchini, hususan Arusha. Huenea haraka katika ardhi iliyoachwa tupu, hudhuru mifugo na huwasababishia watu mzio wa ngozi na kifua. Mtafiti anayepita kila kitalu kwa magoti ndiye anayeweza kuliona likiwa bado miche michache, kabla halijawa janga la kata nzima.

Nne, miti ya kuachwa. Orodha ya miche inayochipua hueleza kama mpingo, mkwaju au migunga itakuwapo kizazi kijacho, au kama imebaki miti mizee isiyo na warithi.

Haki na wajibu wa mwananchi

Mwananchi hana sababu ya kumwogopa mtafiti, na pia halazimiki kumkubali bila maswali. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapa nchini huja na barua ya utambulisho na kibali cha utafiti kutoka chuoni kwake, na watafiti kutoka nje ya nchi hupata kibali kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Barua hizo hupitia ofisi ya mkoa na ya halmashauri kabla ya kufika kijijini. Afisa Mtendaji wa Kijiji anapaswa kuziona, na mwenye ngitili ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa nini kitapimwa, nini kitachukuliwa, na kwa siku ngapi.

Itakumbukwa kuwa kamba ya mtafiti wa mimea haihamishi mpaka wa mtu. Upimaji wa ardhi kwa ajili ya hatimiliki ya kimila hufanywa kwa utaratibu wake wa kisheria, kwa wananchi na majirani kushirikishwa na kusaini. Mwananchi mwenye shaka aulize ofisi ya kijiji kabla ya kung'oa vigingi vya vitalu, kwa kuwa kigingi kilichong'olewa ni kazi ya mwaka mzima iliyopotea, na kijiji ndicho kinachokosa jibu.

Kwa upande wake, mtafiti ana deni kwa waliompokea. Tasnifu inayobaki katika rafu ya chuo, kwa lugha wasiyoisoma wenye ardhi, haijamaliza kazi. Vijiji vinashauriwa kuomba, tangu siku ya kwanza, muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili na siku ya kuyawasilisha katika mkutano wa kijiji. Maofisa ugani, misitu na mifugo wa kata washirikishwe katika upimaji, ili ujuzi ubaki baada ya mwanafunzi kuondoka. Nao wazee wanaozijua nyasi kwa majina watambuliwe kuwa walimu wa utafiti huo, kwa maana bila wao nusu ya daftari ingebaki tupu.

Mvua za msimu zinapokaribia, Halmashauri za Vijiji ziendelee kupitia mipaka ya ngitili na sheria ndogo zinazozilinda, zikiwashirikisha wanawake, vijana na kaya zisizo na mifugo katika maamuzi. Mwananchi mwenye swali kuhusu utafiti unaofanyika katika eneo lake anaweza kuanzia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au Kata, au kufika katika ofisi ya halmashauri ya wilaya inayohusika na ardhi, maliasili na mifugo.